Mjomba Charlie, Watu-Simba na Muhali Wetu

Katika baraza moja la washairi hapa Unguja alisimama mwenzetu, mtu wa kalamu na wa heshima zake, akasema mambo mawili ambayo tangu siku ile yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. La kwanza, kwamba filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo Shadow of a Doubt, niliyokuwa nimependekeza tuitazame pamoja na kuijadili, ni maradhi ya Wazungu: huko kwao, alisema, jamaa hulala nyumba moja bila ya kujuana, ilhali sisi tuna ukoo, tuna majirani, tuna milango isiyofungwa mchana. La pili, kwamba anayetamani taharuki ya Kiafrika asijisumbue na California. Na aende Singida akaandike habari za watu-simba. Baraza zima liliitikia kwa vichwa. Mimi nami nilinyamaza, kwa kuwa msemaji ni mkubwa wangu kwa umri na nilimwonea muhali. Makala haya ni fidia ya kunyamaza kule.

Nianze na filamu yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajaiona. Ilitoka mwaka 1943, ikapigwa kwa sehemu kubwa katika Santa Rosa, mji mdogo wa California, na miongoni mwa walioiandika ni Thornton Wilder, mwandishi wa tamthilia, na Alma Reville, mke wa Hitchcock. Hitchcock mwenyewe aliwahi kuitaja kuwa moja ya kazi zake alizozipenda zaidi. Kisa ni hiki. Mwanamume mtanashati, Charles Oakley, anawakimbia watu wawili wanaomfuatia, anapanda treni na kwenda kukaa kwa dada yake, Emma. Treni inayomleta inaingia stesheni na moshi mweusi mzito uliofunika jua. Nyumba nzima inamshangilia. Analeta zawadi kwa kila mtu. Anayemshangilia zaidi ni binti mkubwa wa Emma, naye jina lake ni Charlie, alilopewa kwa ajili ya mjomba huyo.

Hapa Kiswahili kinatuonyesha jambo ambalo Kiingereza kinalifunika. Waingereza wana neno moja kwa ami na mjomba. Sisi tunajua mara moja kwamba huyu ni mjomba, ndugu wa mama, mtu ambaye mpwa anaweza kumwendea hata pale anapomwogopa babake. Na kwa kuwa wanaitana jina moja, yeye na mpwawe ni somo. Na somo, kama ajuavyo kila aliyelelewa pwani, si mwenye jina lako tu, bali pia ni yule anayekufunda na kukuhifadhia siri. Nilipojaribu kuifasiri filamu hii niligundua kwamba maneno haya mawili, mjomba na somo, yanafanya nusu ya kazi ya mtungaji. Mtu akikwambia kuwa mjomba na somo yako ndiye muuaji, huhitaji muziki wa kukutisha.

Kwani ndivyo alivyo. Mjomba Charlie ni muuaji wa wajane matajiri. Pete ya zumaridi anayomvisha mpwawe imechorwa ndani herufi za majina ya watu wengine. Ukurasa wa gazeti unaotaja mauaji yake anauondoa kwa ujanja, akijidai kuwachezea watoto kwa kuwakunjia nyumba ya karatasi. Binti anakimbilia maktaba inapokaribia kufungwa, anausoma ukurasa ule, anaitazama pete kidoleni, na tangu hapo hana usingizi.

Sasa mtazame baba wa nyumba, Joe, karani wa benki, na jirani yake Herb. Hawa wawili ni wapenzi wa hadithi za upelelezi. Jioni hukutana wakabishana, kwa furaha kama wachezao bao, juu ya njia bora ya kumuua mtu bila ya kugundulika: sumu ipi haionekani, pigo lipi haliachi alama. Wanayasema hayo mezani, watu wakila, na muuaji wa kweli ameketi hapo hapo akipokea sahani. Ninadai kwamba sisi waandishi wa Kiswahili ni Joe na Herb. Tunapiga soga za mauaji ya ajabu, na wa nyumbani hatumwoni.

Kuhusu dai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, nitapita upesi, kwa sababu halina uzito. Sisi tuliowahi kuketi katika viti vya sinema ya Majestic na ya Empire tulilia pamoja na mama zetu kwa Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, ambamo mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuwa ameteka binti wa watu. Hakuna aliyetoka pale akisema kuwa mambo yale ni ya Kihindi. Said Ahmed Mohamed, mwana wa visiwa hivi, alituandikia Utengano mwaka 1980, na ndani yake mna bwana mwenye sifa mtaani na udhalimu nyumbani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Riwaya inayozungumzia maradhi ya wageni haipigwi marufuku, hupuuzwa tu.

Dai la pili ndilo zito. Singida na watu-simba.

Kati ya mwaka 1946 na 1948 katika nchi ya Wanyaturu, wilaya ya Singida, watu walikutwa wameuawa, nao wana majeraha yaliyofanana na ya kucha za simba. Serikali ya kikoloni ilianza kwa kudhani kuwa ni simba. Ikafikia kusema kuwa ni watu. Walioitwa mbojo, ilisemekana, walikuwa wanadamu waliofichwa na kufundishwa kuua kwa namna ya mnyama, nao walikuwa na wenyewe, ambao waliweza kuwakodisha kwa mtu mwenye kisa na mwenzake. Watu walikamatwa, na mashauri yakafikishwa mahakamani. Mwaka 1950 afisa mmoja, Wyatt, aliyaandika hayo katika Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider akarudi katika jarida hilo hilo kuyatazama upya. Tangu hapo kisa hicho kimekuwa mali ya kila mtu. Kinasimuliwa katika mabasi, kinaandikwa na wageni wanaopenda Afrika yenye manyoya, na sasa wenzetu wanataka tukitungie riwaya na filamu.

Nina ugomvi gani na simba? Ugomvi wangu ni kwamba simba ni starehe. Anampa msomaji hofu isiyo na aibu. Ukisoma habari za mtu aliyevaa ngozi ya simba katika pori la mtama unatetemeka, unafunga kitabu, unalala. Hakuna hata mmoja nyumbani mwako aliyevaa ngozi. Na kila anayesimulia hupita mbio pale penye uzito wa kisa: kwamba aliyeuawa alikuwa na jina, na aliyetuma kuua alilijua jina hilo, pengine alikuwa amekula naye. Ukiondoa kucha, kinachobaki ni majirani na jamaa. Hilo ndilo ambalo ningependa kulisoma, na ndilo lisiloandikwa.

Jambo la kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba wa kwanza kutukanya dhidi ya uvivu huu alikuwa Mzanzibari. Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kusema kuwa wazee wa kale wamekasirika na yamekwisha. Bwana Msa, na kiko chake, hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anamjua nani, nani ni mtoto wa nani. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa kwa kukataa kwamba mzimu unaweza kuwa muuaji. Leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, tumemstaafisha Bwana Msa na kuurudisha mzimu kazini. Tazama filamu za video zinazotoka Dar es Salaam: kila nyumba ikiwa na siri, siri ni jini; kila mama mkwe akiwa mbaya, ni mchawi na anaruka na ungo. Jini huchukua lawama zote, na jamaa hutoka wasafi.

Hitchcock alieleza, katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut yaliyoanza mwaka 1962, tofauti ya kushtua na taharuki. Bomu likilipuka chini ya meza bila ya mtazamaji kujua, atashtuka kwa sekunde chache. Lakini mtazamaji akijulishwa mapema kuwa bomu lipo, na walioketi mezani wakaendelea kuzungumza porojo, basi porojo yenyewe inakuwa mateso. Simba anashtua. Taharuki iko mezani.

Nilikwenda Singida miaka michache iliyopita, si kwa utafiti, bali kwa msiba wa rafiki. Mji ule umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na majabali yake makubwa yanaonekana kama yamepangwa na mtu aliyeitwa mahali pengine kabla ya kumaliza. Upepo haukomi. Ni nchi ya alizeti, mtama na asali. Nchi ya Liti, yule mwanamke ambaye masimulizi ya Wanyaturu yanasema aliwatuma nyuki wapigane na Wajerumani, na ambaye uwanja wa mpira wa mjini sasa una jina lake. Mtu wa pwani anayeijua Singida kwa simba peke yake ameibiwa.

Usiku wa tatu, watu wengi wakiwa wamekwisha kuondoka matangani, nilikuwa kwa mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu. Kompyuta yangu ilikuwa na filamu ile, na vijana wakataka kuiona. Nikaifasiri kwa sauti, sentensi kwa sentensi, kama wafanyavyo watu wa mabanda ya video, ila bila ya mizaha yao. Waliotazama walikuwa mwalimu, mkewe, mkaza mwana wao aliyekuwa na mtoto mchanga wa kike, jirani yao ambaye ni mkunga, na vijana wanne. Nilikuwa na wasiwasi kuwa watachoka na weusi na weupe wa picha. Hawakuchoka. Pale mpelelezi na mwenzake wanapoingia nyumbani wakijidai ni watafiti wanaohoji jamaa ya kawaida ya Kimarekani, kijana mmoja alicheka akasema: hao hata hapa huja, na hujibiwa hivyo hivyo.

Tulipofika mahali binti anapokwisha kujua yote na bado anakaa mezani akitabasamu, mama wa nyumba alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu iliyo wazi: "Anyamaze. Akisema, mama yake atakufa kwa aibu." Mkunga akamjibu bila ya kugeuza kichwa: "Sawa, mama. Na atakayefuata?" Pakawa na kimya kirefu kupita kile cha filamu.

Nilidhani wanazungumzia wajane wa Mjomba Charlie. Kesho yake mkunga alinieleza walichokuwa wakizungumzia, na tangu hapo sijaweza kuisikia hadithi ya watu-simba bila ya hasira.

Katika mikoa ya Dodoma na Singida, kuanzia miaka ya 1970 hivi, wakati ukeketaji wa wasichana ulipoanza kupigwa vita, lilienea jina la maradhi: lawalawa. Ni muwasho, ni uchafu unaotoka, ni mtoto anayelia akikojoa. Mambo ambayo zahanati huyatibu kwa dawa na usafi. Lakini ilienezwa kwamba dawa ya lawalawa ni moja, nayo ni kumkata mtoto. Kwa hiyo desturi iliyokuwa ikikatazwa kwa jina la mila ikarudi kwa jina la tiba. Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, inayomlinda msichana wa chini ya miaka kumi na minane na kuweka kifungo cha miaka mitano hadi kumi na tano. Sheria ni njema, wala sijuti kuwapo kwake. Ila jambo ambalo zamani lilikuwa na ngoma, na ngariba anayejulikana, na binti aliyekwisha kupata akili ya kukimbia, lilianza kufanywa kwa mtoto wa siku chache, ndani, mlango umefungwa, wakati wa kuogeshwa. Wahudumu wa afya na waandishi wa habari wameeleza visa ambavyo hata wembe hautumiki. Hutumika ukucha. Wa bibi.

Nasema bibi, si mchawi. Si mwovu wa filamu za video. Ni yule anayempenda mtoto kuliko wote, ambaye yeye mwenyewe alifanyiwa, na anayeamini kuwa anamponya mjukuu au anamwepusha na kukosa mume. Ukimtazama akimwogesha utaona mapenzi matupu. Ndiyo maana nasema kuwa Mjomba Charlie hakuwa mgeni katika nyumba ile ya Singida. Na hata yeye, kwa uhodari wote wa Joseph Cotten aliyemwigiza, ni kitisho chepesi kuliko hiki, kwa sababu yeye anajua kuwa ni mbaya na bibi hajui. Tena mpwa wa Mjomba Charlie ana macho ya kusoma pete. Mtoto wa wiki tatu hana. Wapo wanawake waliokatwa wakiwa wachanga wasiojua hata leo kuwa walikatwa, kwa kuwa hawakuwahi kuwa na mwili mwingine wa kuulinganisha na huu.

Wapenda takwimu nitawapa takwimu. Utafiti wa Afya ya Uzazi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu asilimia 51 ya wanawake wa mkoa wa Singida walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2015 hadi 2016 ulionyesha asilimia 31. Kwa Tanzania Bara nzima ilikuwa asilimia 18 mwaka 1996, na 10 katika utafiti huo wa 2015 hadi 2016. Ni kupungua kwa kweli, na waliokupigania wanastahili shukurani zetu. Lakini soma namna hesabu inavyofanywa: wanaoulizwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, nao hujieleza wenyewe. Mtoto aliyekatwa jana hatahesabiwa mpaka atimize miaka kumi na mitano, na akitimiza atajibu kwa anachokijua. Bomu liko chini ya meza, na saa yake imewekwa miaka kumi na mitano mbele.

Mimi ni mtu wa maneno, sina shahada ya tiba wala ya sheria, basi niseme la maneno. Kwa miaka mingi tuliandika na kutangaza "tohara ya wanawake". Tohara ni usafi. Ni neno tulilolichukua kwa Waarabu pamoja na maji ya udhu. Kuliita jambo lile tohara ni kuliosha kabla ya kulitazama. Waliosimama wakasema ukeketaji, kutokana na kukeketa, kukata kama kwa kisu butu, walifanya kazi ya ushairi kuliko washairi wengi ninaowajua. Neno moja lilitoa kitambaa usoni. Na angalia: halikutoka katika baraza letu.

Sasa namwona msomaji wangu wa kisiwani akitabasamu. Hayo ni ya bara, anasema, sisi hatukati. Ndugu yangu, tusubiri kidogo. Sisi tuna muhali.

Sijui lugha nyingine yenye neno hili kwa utimilifu wake. Muhali si woga, kwa kuwa anayeuonea muhali hatishwi na mtu. Si heshima tu, kwa kuwa heshima huweza kusema kweli kwa adabu. Ni ule uzito unaokukaa ulimini kwa sababu utakayemtaja ni jamaa, ni jirani, ni mtu wa msikiti mmoja, ulikula kwake Idi. Kwa neno hilo tumejenga maisha ya kupendeza, ya watu wasiopigiana kelele. Na kwa neno hilo hilo watoto wa Unguja na Pemba waliodhalilishwa wamekosa haki zao. Sheria ya Mtoto tunayo tangu mwaka 2011. Lakini kila anayefuatilia kesi za udhalilishaji anajua jinsi zinavyoanguka: shahidi ni shangazi, mtuhumiwa ni mjomba wa mtoto au mwalimu wake au rafiki wa baba, wazee wanakaa kitako, pananywewa kahawa, panatolewa sulhu, na siku ya mahakama hakuna anayekumbuka kitu. Mtoto anaambiwa asiichafue nyumba. Mjomba anaendelea kuja na zawadi.

Nitajibiwa kwa sitara. Dini imetufunza kusitiri aibu ya mwenzetu. Naam, imetufunza, nami sitaki kuishi katika mji usio na sitara. Ila anayesitiriwa ni aliyejikosea nafsi yake, si aliyemtenda mwingine. Kitabu hicho hicho, katika Suratun-Nisaa aya ya 135, kimetuamuru kusimama na ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sijapata kusikia aya hiyo ikisomwa kwenye kikao cha sulhu. Labda nimekosa bahati.

Hapa ndipo ninapogombana na Hitchcock mwenyewe, maana sitaki ionekane kuwa nimemfanya walii. Katika filamu yake mjomba anajaribu kumuua mpwawe: ngazi ya nje inakatwa, gari linaachwa likiunguruma ndani ya banda lililofungwa. Mwisho anataka kumsukuma kutoka kwenye treni, na badala yake anaanguka yeye, mbele ya treni nyingine. Mji unamfanyia maziko ya heshima. Sifa zake zinasikika kutoka kanisani, na nje wamesimama wawili wanaojua kweli: binti na mpelelezi. Emma hajui, na hatajua. Wahakiki wameusifu mwisho huu kwa kejeli yake, nami naukubali kuwa ni mwisho wenye ukweli, kwa sababu ndivyo tunavyozika. Lakini mtungaji amejirahisishia. Amempa binti kunyamaza, kisha akampa na treni. Siri yake haimdhuru mtu tena kwa kuwa mwenye kuua amekufa kwa bahati. Mkunga wa Singida hana treni. Mama wa Pemba hana treni. Anayenyamaza huku kwetu hunyamaza juu ya mtu aliye hai, mwenye afya, na anayeendelea kukabidhiwa watoto.

Kwa hiyo kwa mwenzetu wa barazani najibu, kwa kuchelewa: filamu hii ni yetu kuliko ya wenyewe, na kisa cha Singida cha kuandika kipo, ila hakina manyoya. Nimehesabu, katika rafu yangu ya majarida ya mashairi, tungo za kumsifu mama na bibi. Niliacha kuhesabu nilipopita mia. Nyingi ni nzuri, mbili tatu nilizitunga mimi. Sikuukuta hata utenzi mmoja wenye beseni la maji, mlango uliofungwa na mtoto anayelia. Tunasema vina haviruhusu. Vina vimeruhusu karafuu, vimeruhusu siasa, vimeruhusu mambo ya chumbani kwa mafumbo ambayo hata mtoto anayafumbua. Kinachokataa si vina.

Asubuhi niliyoondoka Singida, kabla ya basi, nilikuwa uani nikinywa chai. Mama wa nyumba alitoka na beseni, maji yakitoa mvuke, akaliweka chini karibu na mlango wa chumba. Mkaza mwana wake akaja na mtoto begani. Aliinama, akalinyanyua beseni, akalileta katikati ya ua, juani, mbele yetu sote, akasema kuwa leo atamwogesha mwenyewe. Hakutoa sababu. Mama mkwe alisimama kitambo akimtazama, kisha akaingia ndani, akarudi na sabuni, akampa.